Sufuria ya Chuma na Damu ya Mtoto

Mama akimleta wodini mtoto mwenye viganja vyeupe, humwuliza pia anapikia nini. Aghalabu ni alumini. Mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Ethiopia: watoto waliopikiwa katika sufuria za chuma cha kusubu waliongezeka damu kuliko waliopikiwa katika alumini. Madini ya chuma huingia chakulani, hasa penye nyanya au ndimu.

Sokoni nenda na sumaku ya spika mbovu. Sufuria nzito isiyonasa sumaku si ya chuma cha kusubu, hata muuzaji akiapa. Iliyopakwa enameli ndani haitoi chuma. Ukiosha yako, ikaushe motoni, uipake mafuta isishike kutu. Mjamzito asiache vidonge vya kliniki.