Bendi za majeshi: Kwa nini fedha zake zahitaji watetezi

Na MWANDISHI WETU, Kilifi

KATIKA kila sikukuu ya kitaifa, bendi za majeshi hupiga wimbo wa taifa, Rais akakagua gwaride, wananchi wakashangilia. Ni wachache wanaojiuliza ni nani anayegharamia tarumbeta na ngoma zile, pamoja na miaka ya mafunzo ya askari wanaozipiga.

Swali hilo lina uzito hata kwa mkazi wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya daraja la Kilifi. Serikali inapokaza mkwiji, kama ilivyofanya baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa Juni 2024, ni rahisi muziki kuhesabiwa kuwa anasa. Jambo lisilo na mtetezi ndilo hukatwa bila kelele.

Urithi wa Pwani

Wapwani wana sababu zao za kulijali suala hili. Miji ya kale ya Waswahili ilikuwa na siwa, baragumu la heshima lililokuwa alama ya mamlaka. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, nayo ya Lamu ikafuliwa kwa shaba. Hiyo ilikuwa mali ya mji, wala haikupigwa ovyo.

Katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuiga bendi za Wazungu, wakazusha ngoma ya beni. Mjini Mombasa, vyama vya Kingi na Skochi vilishindana kwa mavazi, gwaride na tarumbeta. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, askari na wapagazi walikuwa wamekwisha kuieneza beni hadi mbali barani, kama alivyoeleza mwanahistoria Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975.

Wimbo wa taifa nao una asili yake huku huku. Lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Miongoni mwa watu watano walioutayarisha kabla ya uhuru, mwaka 1963, alikuwamo Thomas Kalume, mtu wa Pwani. Bendi ya majeshi inapoupiga, basi, inahifadhi sauti iliyotoka kando ya Mto Tana.

Fungu lisiloonekana

Ugumu ni kwamba katika makadirio ya serikali, fedha za Wizara ya Ulinzi hupangwa chini ya programu kubwa kubwa, kama vile ulinzi wenyewe, misaada kwa raia na utawala. Mwananchi anayeyasoma haoni fungu la bendi. Kwa hivyo hawezi kujua limeongezwa au limepunguzwa, na mbunge wake hana pa kuanzia kuuliza.

Wapo wanaosema kwamba kijiji kinachohitaji maji, dawa na madawati hakina haja ya kutetea tarumbeta. Hoja hiyo ni ya haki na yapasa kujibiwa kwa takwimu, si kwa sifa tupu.

Marekani inatoa funzo. Mwaka 2011 mbunge Betty McCollum wa Minnesota alipendekeza matumizi ya bendi za majeshi yasizidi dola milioni 200 kwa mwaka. Mwaka 2017, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilibainisha kwamba majeshi hayakuwa na vipimo vya kutosha vya kuonyesha faida ya bendi hizo. Tatizo halikuwa ubaya wa muziki, bali ukosefu wa ushahidi.

Watetezi wa hapa nchini wanaweza kujifunza kutokana na hayo. Waombe fungu la bendi litajwe waziwazi, na kila mwaka itolewe taarifa ya idadi ya askari waliofunzwa muziki, maonyesho yaliyofanywa nje ya Nairobi na shule zilizotembelewa. Sherehe za Mashujaa zilifanyika Mombasa mwaka 2019 na Kwale mwaka 2024. Mtoto wa Mnarani hapaswi kungoja sherehe kama hizo ili aione ala ya shaba kwa karibu.

Milango ya kubisha

Katiba ya 2010 inamruhusu kila mtu kupeleka ardhilhali Bungeni chini ya Kipengele cha 119. Taarifa ya sera ya bajeti hufikishwa Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Kamati ya Bajeti hutakiwa kupokea maoni ya umma. Anayengoja hotuba ya bajeti ya Juni huwa amechelewa.

Mlango wa pili uko karibu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kaunti haiwezi kugharamia jeshi, lakini yaweza kuwafunza vijana muziki ili nafasi za bendi zinapotangazwa wawe tayari.

Magofu ya msikiti na kaburi la mnara yaliyoko Mnarani yanatunzwa na Makavazi ya Kitaifa, na hakuna anayeuliza yanazalisha nini kila mwezi. Mawe hayo yalidumu karne kadhaa hata yalipoachwa. Muziki hauna uvumilivu huo, kwa kuwa wapigaji wakistaafu bila kuwafunza wengine, ujuzi wao huondoka nao.