Kuchagua Bunduki ya Bei Nafuu

Mtu awindaye mara chache, naye ataka silaha ya kumkinga na mnyama mkali, akiisha kupata leseni yamtosha bunduki ya komeo, yaani ile ivutwayo kwa mkono kwa kila risasi, hata ikiwa kuukuu. Walinzi wa kaskazini ya Kanada, Canadian Rangers, walipewa Lee-Enfield ya .303 tangu 1947, wakakabili dubu nayo zaidi ya miaka 60. Haikuachwa kwa udhaifu, ila vyuma vya kuitengenezea vilikuwa adimu. Basi kabla ya kupatana bei, ulizeni kwanza kama risasi zake na vyuma vyake vyapatikana karibu.

Kisha hakikisheni haina risasi, mchomoe komeo, mtazame mwanga kupitia mtutuni. Mifereji izungukayo ndani na iwe na kingo kali, pasipo kutu. Kutu hiyo mara nyingi huletwa na risasi za zamani za askari: fataki zake huacha chumvi, nayo huvuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Mwenye kuzitumia hana budi kumimina maji ya moto mtutuni siku ile ile, aukaushe, ndipo atie mafuta. Nasi twawajua wengi wasemao wataosha kesho.

Ganda likitoka limepasuka karibu na kitako chake, msiipige tena bunduki hiyo mpaka fundi aitazame.