Njia ya Mbio za Baiskeli Milimani Huchaguliwaje?

Ndugu msomaji, wewe mwenye baiskeli, jibu swali hili kabla hujaendelea. Umepakia gunia la mahindi nyuma, na mbele yako kuna mlima. Unaogopa nini zaidi, kuupanda au kuuteremka?

Wengi watasema kupanda. Ni kweli kupanda kunachosha. Jasho linatoka, miguu inalegea, mwisho unashuka na kuanza kusukuma. Lakini muulize mzee aliyebeba mkaa kwa baiskeli miaka mingi. Atakuambia anayeuogopa ni mteremko. Ukichoka kupanda unaweza kushuka ukapumzika. Je, breki ikikatika mteremkoni, utashukia wapi?

Leo tutaeleza habari za watu ambao kazi yao ni kushindana kwa baiskeli, wakalipwa mshahara. Tena tutaeleza habari za wale wanaowachagulia njia ya kupita. Nao hujiuliza swali hilohilo: kupanda au kuteremka?

Mtu aliyedanganya kuhusu mlima

Mbio za baiskeli zinazojulikana zaidi duniani huitwa Tour de France, maana yake Mzunguko wa Ufaransa. Zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti moja la michezo lililoitwa L'Auto. Mkuu wa gazeti hilo, Henri Desgrange, alitaka gazeti lake linunuliwe zaidi. Siku hizi mbio hizo huchukua muda wa majuma 3. Kila siku wana safari yao na mshindi wake.

Miaka ya mwanzo njia ilipita zaidi katika nchi tambarare na vilima vya kawaida. Basi, mwaka 1910, mwandishi mmoja wa gazeti hilo, Alphonse Steinès, akaleta shauri: twende kwenye milima ya Pyrenees. Hii ni milima mirefu iliyo mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Wakati ule kulikuwa na wachungaji, mbuzi, ng'ombe, na hata dubu porini. Barabara nyingine zilikuwa njia za mifugo na mikokoteni tu. Desgrange aliogopa. Alisema watu watakufa huko.

Steinès akaenda kutazama mwenyewe. Akakodi gari apande mlima uitwao Tourmalet. Njia ya mlima huo hufika kimo cha mita 2,115 kutoka usawa wa bahari. Huko juu theluji, yaani ile barafu laini inayoonekana kileleni mwa Kilimanjaro, ilikuwa bado imejaa njiani. Gari likakwama. Dereva akakataa kuendelea. Steinès akashika njia kwa miguu, giza likamkuta huko huko. Akateleza, akaanguka, akalowa, nusura afe. Watu wa upande wa pili wa mlima ndio waliompokea usiku, baridi imemshika mwili mzima.

Je, asubuhi alimwambia nini mkuu wake? Alipeleka telegramu kusema ameuvuka Tourmalet, barabara ni nzuri sana, na inapitika bila taabu.

Ndugu msomaji, huo ulikuwa uongo. Na kwa uongo huo mbio zikapelekwa Pyrenees.

Siku ya tarehe 21 Julai 1910 washindani waliondoka mji wa Luchon kabla jua halijachomoza, kwenda Bayonne, mwendo wa kilomita 326. Theluji ilikuwa imekwisha yeyuka, lakini njia ilikuwa mawe na vumbi. Baiskeli zao zilikuwa nzito, wala hazikuwa na gia za kubadilisha kama za siku hizi. Octave Lapize ndiye aliyevuka Tourmalet wa kwanza. Sehemu nyingine alishuka akasukuma, kama wewe na gunia lako. Alipofika mlima mwingine, Aubisque, akawakuta wakubwa wa mbio wamesimama kando ya njia. Inasimuliwa kuwa aliwatazama akawaita wauaji. Hata hivyo aliendelea, akashinda siku hiyo baada ya zaidi ya saa 14 za safari, na mwisho akashinda mbio zote za mwaka ule.

Mwaka huo huo ndipo lilipoanza kutumika gari la kuwafuata nyuma na kuwapakia wanaoshindwa. Waliliita gari la ufagio. Tangu siku hizo Tourmalet umepandwa mara nyingi sana katika mbio hizo. Steinès alikuwa na bahati. Lakini je, kila anayesema uongo kuhusu njia atapata bahati? Tutaona.

Namna ya kuupima mlima

Siku hizi mtu hachagui njia kwa kubahatisha. Huanza na ramani, kisha hupima mwinuko. Hesabu yake ni nyepesi, nawe unaiweza.

Ukienda mita 100 na kupanda juu mita 10, huo ni mwinuko wa asilimia 10. Fikiri uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Unauvuka mara moja tu, nawe umefika juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Mlima wa Tourmalet, ukitokea kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, una urefu wa kilomita 17 hivi, na mwinuko wake kwa wastani ni asilimia 7.3. Maana yake mshindani anapanda juu zaidi ya mita 1,200 bila kupumzika.

Lakini angalia, wastani hudanganya. Mlima unaweza kuwa na wastani wa asilimia 7, kumbe sehemu moja ni tambarare na nyingine ni asilimia 12. Ramani haitakuambia pia kama mvua imechimba mfereji kando ya kona, wala kama lami imeota ukungu chini ya miti. Ndiyo maana lazima mtu aende. Ufaransa mchoraji wa njia za Tour kwa miaka mingi amekuwa Thierry Gouvenou, ambaye zamani mwenyewe alishindana katika mbio hizo. Mtu wa namna hiyo akiitazama kona anajua mwenye baiskeli ataiingia kwa mwendo gani.

Hatari iko kwenye kuteremka

Katika kupanda, mshindani hodari huenda kilomita 20 kwa saa au zaidi kidogo. Akianguka, atachubuka goti. Lakini akiteremka anaweza kufikia kilomita 80 au 90 kwa saa, na mara nyingine hata 100. Tairi yake ina upana wa karibu sentimita 3 tu, na mwilini amevaa nguo nyembamba.

Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa akiteremka Tourmalet, uma wa mbele unaoshika gurudumu ukavunjika. Akabeba baiskeli begani mwendo wa kilomita nyingi mpaka Sainte-Marie-de-Campan, kwa mhunzi. Sheria ilikataza kusaidiwa, hivyo akauchomelea uma yeye mwenyewe. Kijana mmoja alimvutia mivukuto ya moto, na kwa kosa hilo Christophe akaongezewa dakika za adhabu! Christophe alipona. Siku hizi magari yenye mafundi na baiskeli za akiba huwafuata washindani, kwa hiyo njia iwe na upana wa kutosha magari hayo nayo.

Wengine hawakupona. Tarehe 18 Julai 1995, katika milima ile ile ya Pyrenees, Fabio Casartelli wa Italia alianguka katika mteremko wa Portet d'Aspet. Kando ya barabara palikuwa na matofali ya zege. Alifariki siku hiyo, umri wake miaka 24. Mwaka 2003 mshindani mwingine, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, alianguka katika mbio nyingine Ufaransa, akafariki. Baada ya hapo kofia ngumu ikawa lazima.

Tarehe 15 Juni 2023, huko Uswisi, Gino Mäder alianguka akiteremka mlima wa Albula, akafariki kesho yake. Alikuwa na miaka 26. Siku ile mstari wa mwisho ulikuwa umewekwa bondeni, mara baada ya mteremko. Washindani wenzake wakauliza: kwa nini mwisho usingekuwa juu kileleni?

Hili ni swali kubwa kwa mchoraji wa njia. Akiweka mwisho kileleni, watu hawatakimbizana kuteremka. Lakini kileleni huenda hakuna nafasi ya magari wala watazamaji, na jioni wote watateremka kwa njia hiyo moja. Akiweka mwisho bondeni, kuna mji na nafasi, lakini kila mtu atateremka kwa pupa. Basi mchoraji huchagua huku akijua anaamua juu ya maisha ya watu. Kwa sababu hiyo hawezi kufanya kama Steinès.

Wenyeji nao wana neno

Nchi ya milima si tupu. Kuna watu na mifugo yao. Tarehe 25 Julai 2025 washindani wa Tour walikuwa wapite mlima wa Saisies, katika milima ya Alps. Kabla ya siku hiyo, ng'ombe wa huko walionekana na ugonjwa wa mapele ya ngozi. Wafugaji wetu wanaujua. Ilibidi kundi lile liuawe, na wenye ng'ombe walikuwa na majonzi. Wakubwa wa mbio wakabadili njia, wakakata zaidi ya kilomita 30 wasipite pale. Mbio zenye fedha nyingi namna ile zilipisha kwa ajili ya ng'ombe. Na hivyo ndivyo inavyopasa.

Jirani zetu wa Rwanda

Tusidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Jirani zetu wa Rwanda wana vilima kila mahali, na vijana wao wanaijua baiskeli tangu utoto. Mbio zao, Tour du Rwanda, zilianza mwaka 1988. Tangu 2009 zimo katika kalenda ya chama cha baiskeli cha dunia.

Tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia. Mashindano hayo yalianza mwaka 1921, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Njia ya wanaume siku ya mwisho ilikuwa na urefu wa kilomita 267.5. Walizunguka mjini mara nyingi, wakapanda na Mlima Kigali, kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9. Kisha wakakutana na kipande kifupi cha mawe yaliyopangwa, mita 400 tu, lakini mwinuko wake ni asilimia 11.

Walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Wenyeji nao walitoa mchango wao. Shule za Kigali zilifungwa juma lile ili barabara zifungwe, na watu wakajaa kando ya njia kushangilia. Ukifunga njia ya watu, unawadai subira. Kwa hiyo waambiwe mapema, na wakubali.

Na sisi je?

Vijana wetu nao hushindana kwa baiskeli siku za sikukuu. Wewe ukiwa katika kamati, unaweza kuambiwa uchague njia. Fuata haya:

1. Pita njia yote mwenyewe, kwa baiskeli, siku chache kabla. Usitegemee kuambiwa.
2. Tazama mteremko kwanza, kisha ndipo utazame mlima wa kupanda.
3. Usiweke mwisho chini ya mteremko, wala kwenye kona, wala penye daraja jembamba.
4. Penye shimo, jiwe au mti kando ya kona, weka mtu mwenye kitambaa chekundu.
5. Uliza siku ya mnada na saa za mifugo kwenda majini.
6. Jua zahanati iko wapi, na gari la kubeba mgonjwa liwepo.
7. Kagua breki za kila baiskeli. Isiyo na breki isianze.

Na ukiona njia ni mbaya, sema ni mbaya. Usipeleke telegramu ya Steinès. Wewe utakuwa umesimama kando unapiga makofi, wakati kijana wa mwenzako anaingia kwenye kona.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kuteremka kuna hatari kuliko kupanda?
2. Njia ina urefu wa mita 2,000 na mwinuko wa asilimia 5. Je, utapanda juu mita ngapi?
3. Kama mbio zingepita kijijini kwenu, zingepita njia gani? Nani angepaswa kuulizwa kwanza?