Beta ya Kwanza na Beta ya Pili

Namba imeingia kwenye simu kabla muuguzi hajapiga: 38. Hakuna maelezo mengine. Ni mimba, au siyo?

Hali hii imekuwa ya kawaida Marekani tangu Aprili 2021, kanuni ilipoanza kutaka majibu ya vipimo yamfikie mgonjwa kwa njia ya kielektroniki bila kucheleweshwa. Zamani aliyepandikizwa kiinitete alitolewa damu asubuhi, akashinda akingoja simu ya kliniki. Siku hizi maabara humwahi muuguzi.

Kipimo chenyewe wahusika hukiita "beta". Homoni ya hCG, inayotolewa na seli zitakazojenga kondo la nyuma, ina sehemu mbili. Ile ya alfa inafanana na ya homoni nyingine, ikiwemo LH, ambayo kila mwanamke anayo. Ya beta ni yake peke yake. Mwaka 1972, Judith Vaitukaitis na wenzake huko Marekani walichapisha njia ya kupima kwa kuilenga beta, na tangu hapo mimba changa ikaweza kutambulika kwa tone la damu bila kuchanganywa na LH.

Kwa kawaida, chini ya uniti 5 kwa lita hakuna mimba. Kuanzia 25 husemwa ipo. Katikati ni kusubiri. Hata hiyo 38 haijamaliza kusema. Sindano ya kupevusha mayai mara nyingi huwa na hCG yenyewe, na mabaki yake huweza kukaa mwilini zaidi ya wiki moja. Akipima mapema mno, mtu huenda akafurahia dawa akidhani ni mtoto.

Ndiyo maana muuguzi husema, "Rudi keshokutwa." Beta ya kwanza ikiwa chini ya 1,500, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani wa 2018 unatarajia ipande kwa angalau asilimia 49 ndani ya saa 48. Basi 38 ifike kama 57. Iliyoanzia 400 ikaishia 420 inatia wasiwasi zaidi: huenda mimba inaharibika, au imetunga nje ya kizazi. Na hata ikipanda vizuri, uhakika husubiri altrasaundi ya wiki ya sita au ya saba.

Simu ya muuguzi hubeba pia maagizo ya dawa. Kiinitete kilichogandishwa kikiwekwa katika mzunguko unaoendeshwa kwa dawa tupu, ovari hazitoi projesteroni. Dawa ndiyo inayoishikilia mimba. Aliyeona 18, akalia, akaacha dawa usiku huo, huenda amekatisha jambo lililokuwa bado linaanza. Kliniki makini humweleza hayo kabla ya kumtoa damu: namba ikitangulia, usiache dawa mpaka tuzungumze.