Muziki waweza kumrudishia kijana matumaini, lakini si kwa siku moja

Ukitembea mjini Nyeri Jumamosi asubuhi, kutoka stendi ya matatu hadi Majengo au Kiawara, huwezi kukosa kusikia muziki. Kuna spika ya duka, kuna redio ya matatu, na jioni ikifika kuna gitaa la mugithi kutoka kwenye baa. Utawaona vijana pia. Wengine walimaliza kidato cha nne miaka kadhaa iliyopita na hawajapata kazi, wengine waliacha shule wakiwa wadogo, na wengine wameanza kunywa kabla ya saa sita mchana. Huenda mmoja wao ni mwanao, au wa dada yako, au wa jirani.

Wapo watu wenye moyo mwema katika miji yetu ambao wangependa kuwasaidia vijana hawa kwa njia ya muziki. Kuna kanisa linalotaka kununua vinanda, kuna mfanyabiashara wa Karatina au Nanyuki aliye tayari kugharimia tamasha, na kuna kikundi cha akina mama kilichoweka akiba kidogo. Kabla hujatoa shilingi yako, ni vizuri uelewe jinsi muziki unavyosaidia, na mahali unaposhindwa.

Tatizo ni la afya

Wengi wetu tumezoea kuyaona mambo haya kama utovu wa nidhamu. Madaktari huyaona kwa jicho tofauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kati ya kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ulimwenguni, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mengi ya matatizo hayo hayatambuliwi wala kutibiwa. Miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo.

Katika eneo la Mlima Kenya, pombe huongeza uzito wa mzigo huo. Mnamo Februari 2024, watu zaidi ya 10 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga. Pombe ikichanganywa na methanoli inaweza kumpofusha mnywaji hata akiponea kifo. Kila baada ya msiba wa namna hii hufanywa msako na baa hufungwa kwa muda. Lakini msako haumpi kijana mahali pengine pa kwenda saa kumi jioni. Hilo ndilo pengo ambalo muziki unaweza kuliziba.

Muziki hufanya nini?

Mwaka wa 2019, WHO ilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba sanaa, muziki ukiwemo, huchangia katika kuzuia maradhi na katika kuwatunza wagonjwa. Inakuwaje?

Kwanza ni pumzi. Ili uimbe mstari mzima wa wimbo, huna budi kuvuta hewa haraka na kuitoa polepole. Kupumua kwa namna hiyo hupunguza kasi ya moyo na kuutuliza mwili. Watafiti wa Gothenburg, nchini Uswidi, waliwapima vijana 15 wa miaka 18 walipokuwa wakiimba pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba mioyo yao ilianza kuongeza na kupunguza mwendo kwa pamoja, ikifuata wimbo.

Pili ni urafiki. Mnamo 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza jinsi walivyofuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi 7. Baadhi ya madarasa yalikuwa ya kuimba, na mengine ya kazi za mikono au ya uandishi. Mwishowe wanafunzi wa madarasa yote walikuwa wamekaribiana kwa kiasi kile kile. Tofauti ni kwamba waimbaji walizoeana mapema zaidi, katika mwezi wa kwanza. Kwa kijana asiyemwamini mtu, mwezi wa kwanza ndio mgumu. Asipopata rafiki hapo, harudi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kutarajiwa. Mwimbaji wa besi asipofika mazoezini, kwaya nzima husikia pengo. Mpiga ngoma akichelewa, wimbo hauanzi. Fikiria kijana ambaye tangu aache shule hakuna aliyewahi kuuliza yuko wapi. Sasa kuna watu 20 wanaomngoja kila Jumanne saa kumi, na kuna mwalimu ambaye ataulizia asipoonekana. Hapo ndipo matumaini huanzia. Kijana anaanza kuwa na kesho kwa sababu kesho kuna mtu anayemngoja.

Ni muhimu pia kutofautisha mambo mawili. Tiba ya muziki hutolewa na mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa mgonjwa aliyepimwa. Uchunguzi mmoja mkubwa wa mwaka wa 2017, uliojumlisha tafiti 9 na watu 421, ulionyesha kwamba tiba hiyo ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida hupunguza dalili za sonona kwa muda mfupi. Kikundi cha muziki cha hisani ni kitu kingine. Hakitibu ugonjwa. Kazi yake ni kumlinda kijana na kumpa watu, na pia kumweka karibu na mtu mzima atakayegundua mapema anapoanza kuzama.

Mfano wa Korogocho

Mfano tunaoweza kujifunza kwao uko Nairobi, safari ya kilomita 150 hivi kutoka Nyeri. Mwishoni mwa miaka ya 2000, Bi Elizabeth Njoroge alianzisha mpango wa Ghetto Classics katika mtaa wa Korogocho, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la St John's, jirani na jaa kubwa la taka la Dandora. Ulianza na watoto wachache tu. Baadaye ulipanuka ukafika hadi Mombasa, na kuanzia mwaka wa 2014 mapato ya tamasha la jazi la Safaricom yalipelekwa kuusaidia.

Msomaji akiutazama mpango huo kwa mbali ataona violini na tarumbeta zinazong'aa. Kilichoudumisha ni kitu kisichong'aa: mazoezi ya kila wiki, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale. Wanafunzi waliotangulia wakawa walimu wa wadogo zao. Mtoto wa Korogocho anapofundishwa na kijana aliyekulia Korogocho, anaona kwa macho yake kwamba inawezekana.

Mpango mkubwa zaidi wa aina hii duniani ni ule wa Venezuela, unaoitwa El Sistema. José Antonio Abreu aliuanzisha mwaka wa 1975 kwa wanamuziki 11 katika gereji. Watafiti waliwachunguza watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14 katika vituo 16 vya mpango huo. Waliona kwamba watoto walioingia mapema walijizuia vizuri zaidi na matatizo yao ya tabia yalipungua. Mabadiliko hayo yalikuwa madogo kwa wastani, lakini yalikuwa makubwa zaidi kwa watoto ambao mama zao hawakusoma sana, na kwa wavulana waliokuwa wameshuhudia vurugu.

Jambo lingine katika utafiti huo linafaa kutushtua. Ni asilimia 16.7 tu ya watoto waliojiandikisha waliotoka katika familia maskini, ilhali umaskini katika majimbo walimoishi ulikuwa asilimia 46.5. Yaani waliofaidika zaidi na muziki ndio waliokuwa wachache mlangoni. Ukitangaza nafasi na kungoja, watakuja watoto ambao wazazi wao walisoma tangazo. Yule wa Kiawara anayeokota chupa hataliona.

Ukitaka kuanzisha kwenu

Iwe unaishi Nyeri, Embu, Meru au Nanyuki, haya hapa ni mambo ya kuzingatia.

Mlipe mwalimu kwanza. Ukiwa na fedha za kununua magitaa 10, nunua 3, na zinazobaki zimlipe mwalimu nauli na posho ya mwaka mzima. Gitaa lisilo na mwalimu huishia kabatini au sokoni.

Anza na kilichopo. Sauti ya mwanadamu haina bei. Karing'aring'a, ile pete ya chuma iliyosindikiza kodiani katika densi ya mwomboko, yaweza kutengenezwa na fundi wa jua kali. Wandindi, fidla yetu ya uzi mmoja, bado ina wazee wanaojua kuipiga. Wachuka wanasifika kwa ngoma ndefu inayobanwa katikati ya miguu. Vikosi vya Boys Brigade vya kanisa la PCEA vina ngoma na tarumbeta ambazo hutumika zaidi Jumapili, na kumbi nyingi za makanisa hubaki tupu kutwa katikati ya wiki. Omba ukumbi kabla ya kuomba fedha.

Mfuate asiyekuja. Nenda steji, nenda kwenye jaa la taka, zungumza na chifu na walimu wa shule za msingi. Toa uji na mkate, kwa kuwa mwenye njaa haimbi. Panga saa zako kwa kufuata maisha ya familia maskini. Msimu mkubwa wa kuchuma kahawa, Oktoba hadi Desemba, vijana wengi huwa mashambani. Usiwafukuze kwa kukosa kufika. Hamishia mazoezi jioni.

Fikiria kazi mapema. Hapa kwetu mwenye gitaa hupata riziki kwenye baa. Kijana aliyeacha pombe, akishajua mugithi, ataitwa huko huko alikotoroka. Mwandalie njia nyingine kabla ya siku hiyo: harusi, matanga, kwaya za shule, kufundisha wadogo, kutengeneza ala. Shule nyingi hutafuta wakufunzi wa kuziandaa kwa ajili ya tamasha la kitaifa la muziki, ambalo lilianza mwaka wa 1927.

Walinde. Kila mtu mzima anayewafundisha watoto awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Asiwepo mwalimu anayefunga mlango akiwa na mtoto mmoja. Usichapishe picha ya mtoto huku ukieleza taabu zake ili uchangiwe, maana siku moja ataiona, na wenzake wataiona. Baridi ya Julai isiwafanye mfunge madirisha yote, kwani kifua kikuu huenea hewani. Tarumbeta inayopokezanwa ioshwe mdomo kwa sabuni na maji vuguvugu kabla ya mwingine kuipuliza.

Wakati muziki hautoshi

Zipo siku ambazo wimbo hautoshi, na mwalimu mwema huzitambua. Kijana akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, akikosa usingizi, akigawa vitu vyake, au akisema heri asingezaliwa, usimpe ngoma ukangoja. Keti naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humwonyesha tu kwamba anaweza kusema.

Vilevile, anayekunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha kwa ghafla bila daktari. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupatwa na degedege linaloweza kumuua. Kwa ushauri kuhusu pombe na dawa za kulevya, piga simu ya NACADA, nambari 1192. Kwa mtoto anayedhulumiwa, piga 116. Simu zote mbili hazitozwi.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Tamasha la siku moja lenye mahema, wageni mashuhuri na fulana za bure huvuma sana, na Jumatatu ikifika kijana yuko pale pale steji, safari hii akiwa na kumbukumbu ya watu walioahidi kurudi. Kwa mtoto aliyekwisha kuachwa na wengi, hilo ni jeraha jingine. Ikiwa uwezo wako ni saa moja kwa wiki, toa saa hiyo, lakini itoe mwaka mzima. Na ikiwa huwezi kuimba wala kupiga ala, kuna kazi ambayo hata wewe unaiweza: kaa mlangoni na daftari, uandike majina ya waliofika, na jioni uende kuuliza habari za yule ambaye hakuonekana.