Kuni za mama na mbao za wakubwa

UKISHUKA kutoka Molo asubuhi na mapema, mji wa Elburgon utaujua kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Harufu ya mbao mbichi huchanganyika na moshi wa kuni unaopanda kutoka majikoni. Baridi ya huku si ya mchezo, na hakuna nyumba inayokaa siku nzima bila moto.

Njiani utampita mama anayetoka upande wa msitu, mzigo wa kuni mgongoni, ukamba umemkaza kwenye paji la uso. Kuni hizo ni za chai, za githeri na za maji ya kuwaogesha watoto. Msomaji, kabla hujamnyoshea kidole kwamba ndiye anayemaliza Msitu wa Mau, hebu tufanye kwanza hesabu ya jikoni kwake.

Mwaka wa 2016 Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia. Akina mama walifurahi, na waliojiweza wakanunua mitungi. Septemba 2018, mafuta ya taa yaliongezewa ada ya Sh18 kwa kila lita, sababu ikiwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Wakosaji walikuwa wenye matangi, lakini bili ilipelekwa kwa mwenye stovu. Mpango wa Serikali wa kuuza mitungi ya gesi kwa bei nafuu nao ulikwama baada ya mitungi mingi kupatikana na kasoro. Kisha Julai 2021, VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi. Ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka wa 2022 na kuondolewa tena mwaka wa 2023.

Je, katika miaka hiyo ya kupanda na kushuka, mama huyu angepikia nini? Alirudi kwenye mawe yake matatu. Serikali iliyomwambia asikate mti ndiyo iliyompandishia bei ya kila kitu ambacho kingemwezesha kuuacha mti huo.

Sasa tutoke jikoni, tuingie msituni. Mwaka wa 1999 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake. Wenye viwanda vidogo vya mbao walizima misumeno yao. Hata hivyo, kampuni chache kubwa ziliruhusiwa kuendelea, zikiwemo Pan African Paper Mills ya Webuye, Raiply ya Eldoret na Timsales, yenye kiwanda papa hapa Elburgon. Hoja iliyotolewa ni kwamba zilikuwa zimeajiri watu wengi, na hilo kweli ni jambo la kufikiriwa. Lakini mwananchi alijifunza somo moja: katazo la Serikali lina mlango wa nyuma, na ufunguo wake hapewi kila mtu.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2001, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali liliondoa takriban hekta 67,000 kwenye orodha ya misitu ya nchi. Zaidi ya nusu ya hizo, hekta 35,301, zilikuwa za Mau Mashariki, msitu huu unaouona ukisimama Elburgon na kutazama juu. Watetezi wa mazingira, akiwemo marehemu Profesa Wangari Maathai, walipiga kelele bila kusikizwa.

Februari 2018, mito ilipokauka, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza marufuku ya siku 90. Siku hizo 90 ziliongezwa mara kwa mara hadi zikawa miaka mitano. Desemba 2022, akiwa Rais, Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Julai 2023, akiwa Molo, aliondoa marufuku hiyo, akisema miti iliyokomaa inaozea msituni huku watu wakikosa kazi. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na Agosti mahakama ikasimamisha uamuzi huo kwa muda.

Usidhani, msomaji, kwamba mchezo huu ni wa mbao peke yake. Wakati Kenya ilipokuwa ikiahidi ulimwengu kupunguza hewa chafu, ilikuwa pia ikipanga kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka wa 2016. Lakini wakazi wa Lamu walikataa kunyamaza. Waliuliza ni nani aliyeulizwa maoni, lini, na wapi. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni hiyo, kwa sababu wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo.

Hapo ndipo penye funzo kwetu wa Bonde la Ufa. Tangu sheria ya misitu ya 2016, mipaka ya msitu wa umma haipaswi kubadilishwa kwa kalamu ya waziri peke yake, ila kwa idhini ya Bunge. Basi chifu akiitisha baraza la kutoa maoni kuhusu msitu, usiseme ni la wazee. Nenda. Uliza ni nani amepewa leseni, atakata wapi, na atapanda nini. Mgombea akija kuomba kura, muulize kuhusu bei ya gesi na kuhusu Mau kwa pumzi moja, maana ni jambo moja.

Mto Molo huteremka kutoka milima hii hadi Ziwa Baringo, na Mto Njoro hadi Ziwa Nakuru. Ikikauka, atakayetembea mbali zaidi na mtungi wa maji ni yule yule mama uliyempita asubuhi na kuni zake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huku kwetu, wachumaji wamekula mbao peke yao, wakatuachia janga.