Je, Wajua? Mbio za polepole ndizo zinazoleta kasi

Mwanariadha wa Kenya Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, kila kilomita ilimchukua wastani wa dakika 2 na sekunde 50. Lakini siku za mazoezi mepesi huko Kaptagat, Kenya, kundi lake huanza taratibu kiasi kwamba hata mkimbiaji wa kawaida angeandamana nalo kilomita ya kwanza. Ya pili, tusiahidi.

Sisi wa mbio za kujifurahisha hufanya kinyume: tunatoka nyumbani mbio, tunarudi hoi, kesho yake miguu imegoma. Mbio nyepesi si uvivu. Moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na vishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Tena pumzi huimarika mapema kuliko mifupa na kano, ndiyo maana wengi huumia goti au ugoko pale tu wanapojiona wameiva.

Kipimo cha mwendo mwepesi hakihitaji saa ya bei mbaya: piga soga na mwenzako. Ukimaliza sentensi nzima bila kutweta, endelea hivyo hivyo. Ukijibu “mm” tu, punguza mwendo.

Kasi iachie siku moja au mbili kwa wiki: dakika moja mbio, moja taratibu, kwa kurudia. Alhamisi asubuhi pale Iten, mji wa Kenya ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, makundi makubwa ya wanariadha hufanya zoezi la namna hiyo kwenye barabara za vumbi. Wageni hujiunga, wakiweza.